Mwongozo Kamili: Kujiandaa kwa Mtihani wa Leseni ya Uuguzi na Kuanza Kazi

Mwongozo huu unawahusu wanafunzi wa uuguzi wa Nakuru, Kisumu, Kakamega na maeneo ya karibu ambao wako muhula wa mwisho au wamekwisha kumaliza chuo, na zaidi wale waliokalia mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya wakaanguka karatasi moja au zaidi. Maswali wanayouliza yanafanana mno: wamesoma usiku na mchana, wodini wanasifiwa, lakini matokeo yakitoka majina yao hayamo.

Wengi wa hawa hawakuanguka kwa kukosa maarifa. Waliandika kila walichokijua badala ya kile walichoulizwa, wakamaliza muda katika swali la kwanza, au wakakosea hesabu ya matone ya dripu ambayo wangeifanya bila shida kando ya kitanda. Wengine hawakufika hata kwenye chumba cha mtihani, kwa sababu ya herufi moja katika jina. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zinashughulikia hasa mambo mawili, makaratasi yako na namna unavyoandika majibu, kisha zinakufikisha kazini.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na cheti cha KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), vyote vya asili pamoja na nakala safi.
- Nambari yako ya indeksi, yaani ile uliyopewa na Baraza ulipoandikishwa kama mwanafunzi.
- Kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo, kikiwa na sahihi zote.
- Barua pepe yako binafsi. Usitumie ya chuo, ambayo hufungwa ukishahitimu, wala ile uliyofunguliwa na kijana wa saiba (duka la intaneti) ambayo nywila yake anaijua yeye.
- Laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, kwa ajili ya malipo na ujumbe.
- Maswali ya miaka iliyopita kutoka maktaba ya chuo.
- Miongozo ya matibabu ya Wizara ya Afya kuhusu malaria, virusi vya ukimwi, uzazi na magonjwa ya watoto, pamoja na nakala ya kijitabu cha afya ya mama na mtoto kinachotumika kliniki.
- Daftari kubwa mbili, kalamu, rula na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde.

Vitabu vinene vya kigeni havimo katika orodha hii kwa makusudi. Vina manufaa yake, lakini mtahini wa Kenya anatarajia dozi na ratiba za Kenya, na mtahiniwa anayejibu kwa utaratibu wa hospitali ya Marekani huishia kujieleza sana na kupata alama chache.

## Hatua ya 1: Linganisha majina yako, herufi kwa herufi

Weka kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na rekodi yako ya indeksi juu ya meza moja, kisha usome jina katika kila kimoja kwa sauti, ukitaja herufi. Katika eneo letu tatizo kubwa ni kibainishi cha juu. Achieng' wa kitambulisho huwa Achieng wa cheti cha KCSE, Ng'ang'a huwa Nganga, na mfumo wa kompyuta unaweza kuwaona kama watu wawili. Tatizo la pili ni mpangilio wa majina, ambapo jina la ukoo linatangulia kwenye cheti kimoja na kuwa la mwisho kwenye kingine. La tatu huwapata kina dada walioolewa katikati ya masomo wakabadilisha kitambulisho bila kulijulisha Baraza.

Ukikuta tofauti, mwone kwanza msajili wa chuo, kwa kuwa makosa mengi ya indeksi huanzia kwenye orodha iliyotumwa na chuo chenyewe na hurekebishwa kwa barua. Tofauti ndogo ya mpangilio huweza kutatuliwa kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Jina likiwa limebadilika kabisa, utahitaji hati rasmi ya kubadili jina na tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali, na shughuli hiyo haiishi kwa siku mbili.

Tahadhari: usiahirishe jambo hili ukisema utalirekebisha baada ya kufaulu. Jina lililokosewa katika mtihani huingia kwenye cheti cha usajili, kutoka hapo likaingia kwenye leseni, na mwisho likagonga mwamba kwenye mfumo wa mishahara wa kaunti.

Utajua umefaulu pale ambapo hati zote nne zina jina moja, au unapokuwa na hati ya kisheria inayoeleza kila tofauti.

## Hatua ya 2: Funga kitabu cha vitendo

Chuo hakitakuidhinisha kufanya mtihani kama hujatimiza saa za wodini na taratibu zinazotakiwa. Fungua kitabu ukurasa kwa ukurasa na uandike pembeni kila mahali ambapo sahihi inakosekana. Mara nyingi utakuta mapengo yako katika chumba cha kujifungulia na katika wodi ya wagonjwa wa akili, kwa sababu huko wanafunzi huwa wengi na kila mmoja anagombea mgonjwa.

Nenda ukajaze pengo kwa kufanya utaratibu wenyewe chini ya usimamizi. Hospitali zenye wanafunzi wengi, kama ile ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo wenyeji wa Kisumu bado wanaiita Russia, au hospitali kuu ya kaunti ya Nakuru yenye jengo la akina mama la Margaret Kenyatta, huwa na msongamano mchana. Omba zamu ya usiku au ya wikendi. Mkunga aliye zamuni saa tisa usiku ana nafasi ya kukufundisha kusoma mlango wa kizazi kuliko yule aliyezungukwa na wanafunzi kumi na wawili asubuhi.

Tahadhari: sahihi ya kughushi ni kosa la kinidhamu linaloweza kumaliza taaluma yako kabla haijaanza, na msimamizi wa wodi anaitambua sahihi yake.

## Hatua ya 3: Wasilisha maombi mapema kupitia mfumo wa mtandaoni

Maombi ya mtihani hufanywa kwenye mfumo wa huduma za mtandaoni wa Baraza, na chuo huthibitisha kwamba umetimiza masharti. Ingia kwenye akaunti mwenyewe. Ukitumia saiba, usimwachie mhudumu nywila yako na usitoke kabla ya kufunga akaunti. Lipa kwa njia inayoonyeshwa ndani ya mfumo tu, kisha uhifadhi ujumbe wa malipo kwa picha na kwa nakala ya karatasi.

Baada ya kulipa, ingia tena siku chache baadaye uone kama hali ya maombi imebadilika. Wapo watahiniwa waliolipa wakatulia, kumbe idhini ya chuo haikubonyezwa, na dirisha la maombi likafungwa. Ukiona maombi bado yanasubiri chuo, nenda ofisini kwa msajili ukiwa na nambari yako ya indeksi kwenye karatasi, kwa maana kupiga simu peke yake hakusaidii sana wakati ambapo kila mtu anapiga.

Katika kipindi hiki hiki ndipo hujitokeza watu katika makundi ya WhatsApp na Telegram wakidai kuwa na karatasi ya mtihani. Wengi wao huuza maswali ya zamani yaliyobadilishwa tarehe. Hata kama ingekuwa kweli, anayepatikana nayo anahatarisha leseni, na aliyekuuzia hatakuwepo kukutetea.

Utajua umefaulu ukiona maombi yameidhinishwa na kituo chako cha mtihani kimetajwa.

## Hatua ya 4: Panga wiki 12 kwa uzito wa mada

Mtihani hugusa uuguzi wa jumla, ukunga na afya ya uzazi, afya ya jamii, pamoja na watoto, afya ya akili na usimamizi wa wodi. Kosa la kawaida ni kusoma kwa mpangilio wa vitabu, ukaanza na anatomia, ukachoka, na afya ya jamii ikakukuta wiki ya mwisho. Afya ya jamii ndiyo huwaangusha wengi waliozoea kuidharau.

Tumia wiki ya kwanza kujipima: fanya karatasi moja ya zamani kwa kila eneo, kwa saa, bila daftari. Ukisahihisha utaona udhaifu wako ulipo. Wiki ya pili hadi ya nane gawanya siku zako hivi kwamba eneo dhaifu linapata siku tatu kwa wiki na mengine yanagawana zilizobaki. Wiki ya tisa hadi ya kumi na moja ni za kuandika majibu kwa saa, kama tutakavyoeleza katika hatua ya 5. Wiki ya kumi na mbili ni ya hesabu, ratiba za chanjo na usingizi.

Aliye na kibarua cha mchana na asome alfajiri. Nyumba za Kondele au Manyatta, mitaa ya Kisumu, hazina utulivu usiku, na umeme nao hukatika. Maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega zina meza na kimya mchana.

Magonjwa ya eneo lako yasome kwa undani, kwa kuwa tayari umeyaona kwa macho. Malaria kali kwa mtoto, selimundu (siko seli), kifua kikuu kinachoambatana na virusi vya ukimwi, na kipindupindu ni mambo ya kila siku kanda ya Ziwa. Kwa chanjo, jua kwamba BCG (ya kifua kikuu) na polio ya kuzaliwa hutangulia, kisha zifuatazo ni za wiki ya 6, 10 na 14, na ya surua na rubela hutolewa miezi 9 na miezi 18. Kaunti za magharibi zina nyongeza ya chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa kwa majaribio mwaka 2019. Ratiba kamili isome katika kijitabu cha mama na mtoto kinachotumika sasa, usitegemee maandishi ya wanafunzi waliokutangulia.

## Hatua ya 5: Jifunze kuandika jibu refu

Hatua hii ndiyo inayoangusha watu, kwa hiyo tutakaa hapa kwa muda.

Swali refu huanza na kisa. Mama wa miaka 24, mimba ya kwanza, wiki 36, analetwa akiwa na maumivu makali ya kichwa, shinikizo la damu 170/115, protini nyingi kwenye mkojo, na anapata degedege mlangoni. Kisha vipengele: fafanua hali hii, alama 2, taja dalili nne za hatari, alama 4, eleza namna utakavyomhudumia hadi ajifungue, alama 14.

Mtahiniwa anayeanguka huandika ukurasa mzima kuhusu maana na visababishi vya kifafa cha mimba, ambacho ndicho hali ya mama huyu, kwa sababu anakipenda, kisha anabakiwa na mistari sita kwa zile alama 14. Anayefaulu hufanya kinyume.

Kwanza, gawanya muda kwa alama. Chukua dakika za karatasi ugawanye kwa jumla ya alama zake. Tuseme karatasi ni ya dakika 180 na alama 100: kila alama ina dakika 1.8, hivyo swali la alama 20 lina dakika 36. Muda ukiisha, acha nafasi, uhamie swali linalofuata. Alama tano za mwanzo wa swali jipya hupatikana kwa urahisi kuliko alama mbili za mwisho wa swali ulilolizoea.

Pili, tii kitenzi cha swali. Ukiambiwa utaje, andika hoja fupi tu. Ukiambiwa ueleze, kila hoja iwe na tendo na sababu yake. Mtahini hana ruhusa ya kukupa alama za maelezo mahali ulipoombwa kutaja, na hawezi kukupa alama kamili kwa orodha tupu mahali ulipoombwa kueleza.

Tatu, andika huduma kwa mfuatano wa kitandani. Funga macho ujione umesimama pale mlangoni. Utaita msaada. Utamlaza mama kwa ubavu wa kushoto, utahakikisha njia ya hewa iko wazi, utampa oksijeni na kumlinda asijiumize, bila kumtia kitu chochote mdomoni kwa nguvu. Utamwekea kanula na kuanza magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege: gramu 4 za mchanganyiko wa asilimia 20 polepole kwenye mshipa, zikifuatwa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako, pamoja na mililita 1 ya lignokeini ya asilimia 2 katika kila sindano ili kupunguza maumivu. Dozi ya kuendeleza ni gramu 5 kila baada ya saa 4, kwa kubadilisha tako.

Hapa ndipo mtahini anapomtofautisha muuguzi na mkariri. Kabla ya kila dozi ya kuendeleza utaandika kwamba unapima mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, refleksi za goti ziwepo, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Utasema pia kwamba kalsiamu glukonati gramu 1, dawa ya kupinga sumu ya magnesiamu, imeandaliwa kando ya kitanda, na kwamba dawa itasitishwa na daktari kuitwa iwapo pumzi zitashuka. Sentensi hizo mbili zinabeba alama ambazo watahiniwa wengi huziacha mezani.

Endelea na dawa ya kushusha shinikizo kama ilivyoagizwa, katheta na chati ya maji yanayoingia na kutoka, vipimo vya damu, mapigo ya moyo ya mtoto, na maandalizi ya kujifungua bila kuchelewa, kwa kawaida ndani ya saa 12 tangu degedege lianze. Malizia kwa kumweleza mama na jamaa yake kinachoendelea, na kwa kuweka kumbukumbu. Swali likisema hadi ajifungue, usiandike huduma ya baada ya kujifungua. Likisema hadi aruhusiwe kwenda nyumbani, kumbuka kwamba magnesiamu huendelea kwa saa 24 baada ya kujifungua au baada ya degedege la mwisho, kutegemea lililotokea baadaye.

Nne, mpango wa uuguzi usigeuzwe kuwa wa daktari. Ukiombwa tambuzi ya kiuguzi, malaria si jibu. Jibu ni tatizo la mgonjwa, chanzo chake na ushahidi wake: joto la mwili kupita kiasi, kutokana na maambukizi ya vimelea, kama inavyodhihirishwa na nyuzi joto 39.2. Lengo nalo lipimike na liwe na muda, kwa mfano kwamba joto litashuka hadi kati ya 36.5 na 37.5 ndani ya saa 4. Lengo lisemalo mgonjwa atajisikia nafuu halina alama.

Tano, sahihisha kwa jicho la mgeni. Badilishaneni daftari na mwenzako. Kila mmoja aweke alama ya vema pembeni mwa hoja anayoiona, bila kumuuliza mwandishi alikusudia nini. Kama mwenzako haioni hoja yako, mtahini mwenye mamia ya karatasi hataiona pia. Mwandiko mbaya huhesabika hapa. Acha mstari mmoja kati ya hoja na hoja.

Maswali ya kuchagua hayahitaji mengi. Mengi huuliza utaanza na nini, na mara nyingi jibu ni kumpima mgonjwa kabla ya kutenda, isipokuwa pale ambapo hewa, pumzi au mzunguko wa damu uko hatarini waziwazi.

Utajua umefaulu unapoweza kuandika jibu la alama 20 ndani ya muda wake mara tatu mfululizo, kwa visa vitatu tofauti, na mwenzako akahesabu angalau hoja 14 bila msaada wako.

## Hatua ya 6: Hesabu, kila siku, kwa karatasi

Hesabu ni alama za bure kwa aliyezoea na mtego kwa aliyeziacha. Fanya tano kila asubuhi.

Matone ya dripu: ujazo kwa mililita, zidisha kwa matone ya seti kwa kila mililita, gawanya kwa dakika. Lita 1 kwa saa 8 kwa seti ya matone 20 ni 1000 × 20 ÷ 480, yaani 41.67, ambayo ni matone 42 kwa dakika. Andika hatua zote na kipimo chake, kwa sababu alama ya njia hubaki hata jibu likikosea.

Maji ya dripu kwa majeraha ya moto: mililita 4 × uzito kwa kilo × asilimia ya mwili iliyoungua. Mtu wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 anahitaji mililita 7,200 kwa saa 24, nusu yake, 3,600, ikitolewa katika saa 8 za kwanza. Mtego ni kwamba saa 8 huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitalini. Akifika saa 2 baada ya ajali, zile 3,600 zinatakiwa kuingia katika saa 6 zilizobaki, yaani mililita 600 kwa saa. Wengi huandika 450.

## Hatua ya 7: Siku ya mtihani

Lala karibu na kituo usiku wa kuamkia mtihani ikiwa kituo kiko mji mwingine. Matatu za alfajiri kutoka Kakamega au Kericho huweza kuwahi, lakini huweza pia kukaa stendi zikisubiri kujaa. Beba kitambulisho cha asili na hati ya kuruhusiwa kufanya mtihani. Simu iache nje, hata ikiwa imezimwa. Soma karatasi yote kwanza, kisha uanze na swali unalolimudu.

## Hatua ya 8: Usajili na leseni

Kufaulu mtihani hakukupi ruhusa ya kushika zamu. Baada ya matokeo unaomba usajili, unapata nambari na cheti cha usajili, kisha leseni ya kufanya kazi. Cheti cha usajili husema wewe ni nani kitaaluma. Leseni husema unaruhusiwa kufanya kazi kwa kipindi kilichoandikwa juu yake. Mwajiri makini huthibitisha jina lako katika rejista ya Baraza mtandaoni, kwa hiyo jitafute mwenyewe humo kabla hajakutafuta.

Waliosoma shahada wana mwaka mmoja wa mafunzo kazini ya lazima chini ya Wizara ya Afya kabla ya leseni kamili. Upangaji wa vituo huweza kuchelewa kwa miezi. Usikae bure wakati huo: tafuta mafunzo ya huduma ya dharura ya kuokoa uhai, ambayo hospitali nyingi za binafsi huyadai, na uhudhurie mafunzo ya bure ya kaunti.

Aliyeanguka karatasi asome matokeo kwa kila karatasi, aende kwa mkuu wa mafunzo akaulize utaratibu wa kurudia, kisha arejee hatua ya 5, si ya 4. Kusoma zaidi bila kuandika zaidi huleta matokeo yale yale.

## Hatua ya 9: Kutafuta kazi

Milango ni mitatu: bodi za utumishi wa umma za kaunti, hospitali za misheni na za binafsi, na mashirika yanayoendesha miradi ya afya. Nafasi za kaunti hutangazwa kwenye tovuti za kaunti na magazetini, na maombi hayalipiwi. Anayekuomba pesa ya kupitisha jina ni tapeli hata kama anafanya kazi ndani ya jengo.

Andaa mapema Pini ya KRA (nambari ya mlipa kodi), cheti cha maadili mema kutoka idara ya upelelezi ambacho huombwa kupitia eCitizen na alama za vidole kuchukuliwa Huduma Centre, uthibitisho wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), na ule wa tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kudai vyeti vya uidhinishaji kabla ya kuwa na nia ya kukuajiri, lakini yapo matangazo ambayo bado yanavitaja, na anayeitwa kazini huwa na siku chache za kuvileta.

Kazi ya lokamu, yaani ya zamu za muda, katika kliniki ndogo ni mwanzo mzuri, ilimradi kuwe na makubaliano ya maandishi yanayotaja malipo, saa za zamu, na nani anayewajibika usiku. Usikubali kuachwa peke yako na wodi ya uzazi ukiwa na wiki mbili kazini. Hati yako ya mshahara ikija, tazama makato: bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi na ya nyumba asilimia 1.5, pamoja na NSSF (akiba ya uzeeni) na kodi. Makato yanayoonekana kwenye karatasi yako lakini hayaonekani kwenye akaunti za taasisi hizo yaulizie mwezi huo huo.

## Hatua ya 10: Miezi ya kwanza zamuni

Kabla ya zamu ya kwanza, hakikisha umekamilisha chanjo tatu za homa ya ini aina ya B. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, mjulishe msimamizi, na uanze dawa za kinga dhidi ya virusi vya ukimwi haraka iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kwa siku 28. Usione haya, kuna wauguzi walionyamaza kwa kuogopa kuonekana wazembe.

Wakati wa makabidhiano ya zamu, tembea kitanda kwa kitanda na mwenzako, usipokee ripoti ukiwa umeketi mezani. Tazama dripu inayotiririka, soma chati, hesabu dawa zinazodhibitiwa, kama mofini, kwenye kabati na utie sahihi baada ya kuhesabu. Ulichotia sahihi ni chako. Andika kumbukumbu mara tu baada ya kutenda, kwa saa na kwa sahihi yako, na ukikosea kata kwa mstari mmoja ili maandishi ya chini yasomeke.

Mwisho, andika tarehe ya kwisha kwa leseni kwenye simu yako, na ukumbusho wa miezi miwili kabla yake. Kuihuisha kunahitaji ada pamoja na uthibitisho wa mafunzo endelevu, kwa hiyo kila cheti cha mafunzo, hata ya nusu siku katika ukumbi wa hospitali, kipigwe picha na kuwekwa katika mfumo jioni hiyo hiyo. Muuguzi ambaye leseni yake imekwisha haruhusiwi kushika zamu, hata kama jina lake liko kwenye ratiba ya usiku huo.